Laga, stauti, bia ya ngano au mbege: uanze na ipi kunywa, na ipi kupika

Mdogo wangu anakaa Tabata, Dar. Juzi kanipigia saa nne usiku anasema kaka, nataka nianze kupika bia mwenyewe, ndoo ya lita 30 nshanunua, sufuria la ubwabwa la mama nimeliomba, sasa niambie nianze na ipi, laga au zile nyeusi? Nikamuuliza we mwenyewe unapenda ipi, akanitajia jina la chupa. Nikamuuliza ndani ya hiyo chupa kuna nini, akasema "si bia tu kaka". Na sio yeye peke yake, wengi tunachagua bia kwa lebo, au kwa sababu mzee nyumbani alikuwa anakunywa hiyo, au kwa sababu ndo ilikuwa ya baridi siku ile, na kama ni kunywa tu haina shida sana, ila ukitaka kupika lazima ujue kilichomo maana hutapika lebo.

Nilimjibu WhatsApp mpaka usiku mkubwa, hapa nimeyapanga vizuri kidogo. Nalinganisha nne: laga, stauti, bia ya ngano na mbege. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya Wachaga, nimeiweka humu kwa makusudi kabisa, nimekulia Moshi, nimeona bibi akiota kimea cha ulezi kwenye gunia, na nilipokuja kusoma jinsi Wajerumani wanavyopika bia nikakuta hatua ni zilezile, kwahiyo sikubali mtu anayeiita mbege "pombe ya kienyeji" kama vile bia ni kitu kingine cha heshima zaidi.

Kilichomo ndani

Bia ya kiwandani msingi wake ni vitu vinne: maji, kimea cha shayiri, hopsi na hamira. Mtawala wa Bavaria, Wilhelm IV, mwaka 1516 alitoa amri kabisa kwamba bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Hamira hakuitaja, kwa sababu hakuna aliyejua kazi yake hasa, watu walikuwa wanaona tu pombe inachemka yenyewe bila moto. Mpaka Louis Pasteur alipoandika kuhusu bia mwaka 1876, halafu mwaka 1883 Emil Christian Hansen pale Carlsberg, Copenhagen, akaweza kutenga mbegu moja safi ya hamira na kuikuza peke yake. Wapika pombe wa kwetu nao walikuwa hawajaiona, ila walishajua ukichukua kidogo cha pombe ya jana ukaanzishia ya leo inachacha haraka na ladha haibadiliki, ni akili ileile.

Kimea ndo moyo wa kila kitu. Nafaka kavu ina wanga, na hamira haili wanga, inakula sukari. Sasa ukiloweka nafaka ikaanza kuota, mbegu yenyewe inatengeneza vimeng'enya vya kugeuza ule wanga uwe sukari ili mche upate chakula, na wewe unaikatiza pale pale, unaikausha kabla mche haujala akiba yake. Shayiri inafanya hii kazi vizuri kuliko zote maana vimeng'enya vyake ni vingi na maganda yake yanasaidia kuchuja. Kwetu inalimwa sehemu zenye baridi, West Kilimanjaro, Karatu, Kenya kule Narok na Timau. Ulezi na mtama vinaota pia, ila vimeng'enya vya mtama ni pungufu kidogo. Na hapa naomba usikilize vizuri: ukiotesha mtama mwenyewe, vile vichipukizi na vimizizi vina sumu ya jamii ya sayanaidi, lazima ukaushe vizuri kisha uvipukute na kuvipepeta vyote kabla ya kusaga. Wazee wanaopepeta kimea hawafanyi urembo.

Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa, inaleta uchungu na harufu, na inazuia bakteria wasiharibu bia. Haistawi kwetu kwa sababu inahitaji mchana mrefu sana wa kiangazi, sisi karibu na ikweta mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima, ndo maana inaagizwa kutoka nje.

Laga na stauti

Laga ni hizi karibu zote unazozijua: Kilimanjaro, Safari, Serengeti, Tusker, Nile Special, Primus. Rangi ya dhahabu, nyepesi mdomoni, uchungu kidogo. Jina limetoka kwenye neno la Kijerumani la kuhifadhi ghalani, kwa sababu Bavaria walikuwa wanailaza kwenye mapango ya baridi kwa miezi. Hamira yake inapenda baridi, nyuzi 8 mpaka 13 hivi, inafanya kazi polepole na haiachi harufu nyingi, ndo maana laga inakuwa safi, unasikia nafaka na hopsi basi. Laga ya kwanza ya rangi ile ya dhahabu tunayoijua leo alipika Josef Groll katika mji wa Plzeň mwaka 1842, na pilsna, yaani laga za mtindo huo, zote duniani ni wajukuu wa pipa lile.

Stauti ni nyeusi kwa sababu sehemu ya shayiri yake imekaangwa kama kahawa mpaka ikawa nyeusi. Ndo hivo tu. Haijawekwa damu, haijawekwa chuma, haijawekwa mizizi. Hamira yake ni ya aina ya eli, yaani ile familia ya bia ambazo hamira yake inapenda joto la wastani, nyuzi 18 mpaka 22. Ladha ni ya kahawa, chokoleti chungu, wengine wanasikia mkate ulioungua pembeni. Ukiimiminia kwenye glasi safi ukaiinua dhidi ya taa utaona pembeni sio nyeusi, ni nyekundu iliyoiva, kama chai ya rangi iliyokolea sana. Jaribu siku moja. Guinness ndo maarufu kuliko zote, Arthur Guinness alipanga eneo la St James's Gate, Dublin, mwaka 1759 kwa mkataba wa miaka 9000, paundi 45 kwa mwaka.

Watu wanasema stauti inaongeza damu. Hapana. Madini ya chuma yaliyomo ni kidogo mno, na mama mjamzito anayepewa stauti ili "apate damu" anapewa pombe tu inayomfikia mtoto, naomba hili tuache kabisa, aende kliniki apewe vidonge vya bure. Pia wanasema nyeusi ndo kali. Rangi haina uhusiano na kilevi, rangi inatoka kwenye kukaanga, kilevi kinatoka kwenye sukari iliyoliwa na hamira. Guinness ya bombani kule Ireland ni asilimia 4.2, sawasawa na Tusker. Ila stauti za chupa za huku kwetu mara nyingi zinazidi 6 kwa sababu zinapikwa za aina nzito, kwahiyo hisia ya watu imetoka sehemu ya kweli ila sababu sio rangi.

Asilimia ndo kitu cha kwanza ningetaka mnywaji mpya asome, kabla hata ya bei. Chukua chupa mbili za mililita 500, moja ya Tusker 4.2 na moja ya Safari 5.5. Ya kwanza ina mililita 21 za kilevi kitupu, ya pili 27 na nusu. Maana yake Safari tatu na Tusker nne ni karibu kitu kimoja. Mtu aliyezoea nne akabadilisha chapa akanywa nne zilezile, kazidisha zaidi ya chupa moja nzima bila kujua, halafu asubuhi analalamika bia ilikuwa mbovu.

Kwa anayeanza kunywa na hapendi uchungu, laga ni rahisi, hasa ya baridi. Ila ile baridi inaficha mengi, ulimi ukishaganda hausikii kitu, na ndo maana stauti mimi nashauri mhudumu akikuuliza "baridi au moto" useme moto, au angalau uiache mezani dakika kumi. Laga ya moto inachosha, stauti ya moto inafunguka.

Kitu kingine cha kuangalia kwenye laga ni nafaka. Viwanda vingi vinachanganya kimea na mahindi au sukari ili bia iwe nyepesi na gharama ishuke, sio kosa, ni mtindo. Ukiona lebo inasema malti (yaani kimea) asilimia 100 ujue hakuna mchanganyiko huo, na utasikia mwili wake ni mzito kidogo, unabaki mdomoni. Halafu kuna laga za mtama, kwa mfano Eagle iliyoanza Uganda mwaka 2002, na Kenya wana Senator Keg iliyoanza 2004, lengo likiwa kumtoa mtu kwenye chang'aa hatari kwa kumpa bia salama ya bei ya chini, serikali ikapunguza ushuru, na siku hizi inapikwa kwa mtama wa wakulima wa kule kule. Za mtama zina ukavu fulani na ugwadu wa mbali. Mi nazipenda na chakula, nyama choma hasa, ukikaa nazo bila kula zinachosha mapema.

Bia ya ngano na mbege

Hapa ndo patamu kwangu.

Bia ya ngano ya Kijerumani angalau nusu ya kimea chake ni ngano. Ina ukungu, haichujwi, povu lake limesimama kama la maziwa, na ukiinusa unasikia ndizi mbivu na karafuu. Mara ya kwanza kunusa nilidhani wametia ndizi kweli. Hawajatia chochote, ni hamira yao tu, ina tabia ya kutoa ile harufu inapokula sukari kwenye joto la kutosha, ukipika kwenye ubaridi zaidi karafuu inapanda, kwenye joto zaidi ndizi inapanda.

Mbege ndizi zipo kweli. Ndizi mbivu kabisa zinachemshwa masaa mengi, moto wa kuni, mpaka rangi inageuka nyekundu ya matofali, zinafunikwa siku kadhaa zichache, hiyo inaitwa nyalu. Pembeni ulezi ulioota ukakaushwa na kusagwa unapikwa uji, unapoa, ndo mso. Na kwenye uji unatiwa gome la mti wa msesewe. Nyalu inachujwa na maji, inachanganywa na mso, inalala, kesho yake watu wako kwenye mabenchi na kata mkononi. Ukiiangalia ni nzito, ina chembe za ulezi zinazoelea juu na kushuka, ni chakula na kinywaji kwa pamoja.

Sasa weka hizo mbili mezani. Zote zina ukungu, zote harufu ya ndizi. Ila bia ya ngano inachemshwa na hopsi na kutiwa hamira iliyochaguliwa, ikiwekwa chupani vizuri inakaa miezi. Mbege inachacha kwa hamira ya asili pamoja na bakteria wa asidi, wale wale wa maziwa mgando, na haikomi kuchacha, asubuhi ni tamu, jioni ina ukali, kesho kutwa unavuta sura. Ndo maana huwezi kuikuta imepangwa dukani kama laga, na ndo maana mtu aliyeinywa siku mbaya anasema mbege chungu chungu tu. Chibuku ya mtama na mahindi ni ya familia hiyohiyo, inaendelea kuchacha ndani ya pakiti, ndo unatikisa kabla ya kunywa, machicha yamekaa chini.

Msesewe kwenye mbege unafanya kazi ya hopsi: unakata utamu. Tofauti ni kwamba gome la msesewe ni dawa kali kweli, mti wake una kemikali zinazogusa mwili, kwahiyo haliwekwi kwa kukadiria kwa mtu asiyejua, anayepika kwa mara ya kwanza akae na mama anayejua kipimo cha sufuria lake. Hopsi ukizidisha bia inakuwa chungu tu basi. IPA, eli moja ya Waingereza, ilizidishwa hopsi kwa makusudi, ili ivumilie safari ya meli kwenda India, na leo kuna watu wanaitafuta kwa sababu ya uchungu huohuo. Kwa anayeanza kunywa nasema IPA isubiri, ulimi ujifunze kwanza uchungu wa pilsna.

Na kuna swali la nguvu. Mbege hakuna anayeipima, kila sufuria lina lake. Laga imeandikwa. Mtu anayetaka kujua anakunywa kiasi gani, kwa mfano ana dawa anatumia au anataka kupunguza, achague kitu chenye namba kwenye lebo. Ulanzi, mnazi na dengelua nimeviacha nje kwa sababu sio bia, ni utomvu na maji ya miwa, hakuna nafaka hapo. Gongo nayo ni kitu tofauti kabisa, ile inakenekwa, na hatari zake za kuchanganyiwa vitu sio za kwenye bia.

Upande wa kupika, hapa wengi wanakosea

Karibu kila anayeanza anataka kupika laga kwa sababu ndo anayokunywa. Nakusihi usianze na laga. Laga inataka nyuzi 8 mpaka 13 kwa wiki mbili tatu mfululizo, halafu ilazwe kwenye baridi ya karibu na kuganda mwezi au zaidi, maana yake friji ya peke yake yenye kidhibiti joto, na umeme ukikatika siku mbili umepoteza mzigo wote. Na jingine, laga ni nyepesi kiasi kwamba haifichi kosa lolote, ndoo isiposafishwa vizuri utaisikia kwenye glasi ya kwanza. Stauti inasamehe. Ladha ya kukaanga ina nguvu, inafunika makosa madogo ya mwanzoni, na hamira yake haitaki friji.

Mi nilianza na eli ya kawaida ya rangi ya kahawia. Kwa lita 20: kimea kilo 4 na nusu kilichovunjwavunjwa (usisage kuwa unga, kitaganda kama ugali na hutachuja), hopsi gramu 40, hamira ya bia pakiti moja ya gramu 11. Unachemsha maji lita 15 mpaka nyuzi 72, unamimina kimea unakoroga, joto linashuka mpaka 67 hivi, unafunika na blanketi saa nzima. Hapo ndo wanga unageuka sukari. Ukishuka kwenye 63 bia itakuwa kavu, ukipanda 70 itabaki na utamu na uzito, tofauti ya nyuzi chache inabadilisha kinywaji kizima, kwahiyo nunua kipimajoto kabla ya kununua kitu kingine chochote. Baada ya saa moja onja. Ni togwa! Togwa ya shayiri, tamu, ya moto, ina harufu ya uji, watoto wangu wanakuja jikoni na vikombe kila nikipika na nawapa maana hapo haina kilevi hata kidogo.

Unachuja, unasuuza machicha na maji mengine lita 12 ya nyuzi 75 ili usiache sukari (machicha wape kuku au ng'ombe, wanayapenda), halafu unachemsha saa nzima. Hopsi gramu 30 mwanzoni kwa ajili ya uchungu, maana uchungu wake hautoki mpaka uchemke muda mrefu, gramu 10 dakika tano za mwisho kwa ajili ya harufu, maana harufu inaruka na mvuke. Kisha poza haraka, sufuria ndani ya beseni la maji na barafu, mpaka chini ya nyuzi 25, ndo unatia hamira. Kuanzia moto unapozimwa, chochote kinachogusa ile bia kiwe kimeoshwa na kuuliwa vijidudu, ndoo, mwiko, mrija, mikono yako. Mimi natumia Jik iliyochanganywa na maji mengi halafu nasuuza na maji yaliyochemshwa.

Wengi wananiuliza kama hamira ya maandazi inafaa. Itachachusha, ni jamii moja na hamira ya eli, ila imezaliwa kwa kazi ya kuumua unga, bia inabaki na ladha ya donge la mkate na haitulii vizuri chini. Ukiwa na njia ya kupata hamira ya bia ipate, ndo kitu kidogo kwa bei chenye tofauti kubwa kuliko vyote.

Kipimo cha kilevi ni rahisi ukiwa na haidromita, kile kipimo kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki. Pima siku ya kwanza, tuseme 1.048, pima mwisho, 1.010. Toa, unapata 0.038, zidisha kwa 131.25, inakuja karibu 5. Hiyo ndo asilimia yako. Na haidromita sio ya kujisifia tu, ndo inakwambia kama hamira imemaliza kula. Mzigo wangu wa pili sikupima. Siku ya tano niliona povu limeshuka nikadhani tayari, nikafunga chupani na sukari juu yake, wiki mbili baadaye usiku nikasikia mlipuko stoo, halafu mwingine, halafu wa tatu, asubuhi nimekuta vipande vya chupa vimechoma gunia la mchele. Mke wangu alikuwa ametoka stoo nusu saa kabla. Toka siku ile mimi nasubiri namba ibaki ileile siku tatu mfululizo ndo nafunga, na sukari ya kuletea gesi ni gramu 6 kwa lita, gramu 3 kwa chupa ya nusu lita, na napima kwa mizani, sio kwa kijiko.

Chupa tumia za kahawia. Mwanga ukikutana na hopsi unatengeneza harufu ya kicheche, sitanii, kemikali yake inafanana kabisa na ile ya mnyama anayenuka, na dakika chache za jua kali zinatosha. Chupa ya kijani inasaidia kidogo, nyeupe haisaidii kitu. Hata dukani, kreti ikiwa imeanikwa juani nje ya grosari mimi napita.

Maji nayo ni sehemu unapoishi inaamua. Ya bomba ya mjini yana klorini, ukiyatumia hivohivo bia inaweza kutoa ladha ya plasta ya kidonda, yachemshe au yaache wazi usiku mzima kwenye ndoo pana. Arusha sehemu nyingi maji yana floraidi, na hiyo kuchemsha hakuiondoi, tafuta maji mengine ya kunywa na ya kupikia.

Kwa hiyo ipi

Kama uko Njombe, Mbeya, Arusha, Limuru, sehemu ambazo ndani ya nyumba kuna nyuzi 18 mpaka 22 bila kufanya chochote, pika eli au stauti, hali ya hewa imekupa bure kitu ambacho watu wa Dar wanalipia umeme. Kama uko Dar, Tanga, Mombasa, nyumba ina nyuzi 28 hadi 31, hamira ya kawaida ya eli itafanya kazi haraka mno na kutoa ladha kali ya spiriti. Unaweza kuweka ndoo kwenye beseni la maji, ukaifunga kanga mbichi na feni ikaipuliza, inashuka nyuzi kadhaa. Au utumie hamira inaitwa kveik, ya wakulima wa Norway, ambayo cha ajabu inatoka nchi ya baridi lakini inapenda joto la 30 mpaka 37 na inamaliza kwa siku chache. Hii kwa watu wa pwani naona ni zawadi kabisa.

Kama una bibi, shangazi au mama mdogo Rombo, Marangu, Kibosho, na Desemba unapanda, acha ndoo nyumbani. Nenda ukae naye siku zote za mzigo mmoja, uchochee kuni, ukoroge nyalu, umuulize kipimo cha msesewe, uandike kwenye daftari. Vifaa vya laga utavikuta dukani miaka yote. Muda nao: mbege wiki moja hivi na inywewe siku hiyohiyo, eli karibu mwezi mpaka glasini, laga miezi miwili kwenda juu. Na kupika kwa ajili ya kunywa na ndugu ni jambo moja, kuuza kuna leseni yake, ulizia halmashauri kwako kabla hujamuuzia hata jirani.

Kwa kunywa tu mpangilio wangu ni huu. Hujawahi kabisa na unataka kitu chepesi, laga ya asilimia 4 na kidogo. Unapenda kahawa isiyo na sukari, nenda stauti moja kwa moja, usipoteze muda. Laga inakuchosha kwa uchungu lakini matunda unayapenda, tafuta bia ya ngano, hizi baa za mjini zenye bia za nje huwa nayo. Mbege, usiinywe mjini mara ya kwanza, kainywe ilikopikwa, asubuhi, ikiwa bado ina utamu.

Mdogo wangu alikuwa amekazana na laga mpaka mwisho. Nikamwambia weka kipimajoto chumbani saa nane mchana unipigie. Akapiga, thelathini na moja. Kimya kidogo, halafu akasema basi kaka niletee hiyo ya Norway. Nimempelekea pakiti mbili na haidromita yangu ya akiba, kimea cha eli kilo 4 na nusu, kidogo kilichokaangwa kwa ajili ya rangi, amepika Jumamosi, ndoo iko chini ya ngazi imefunikwa shuka, na leo asubuhi kanitumia picha ya namba: 1.012, anauliza afunge? Nimemwambia pima tena kesho, na keshokutwa.